Kabla ya Kupiga Kambi na Mbwa Kando ya Serengeti

Zipo familia zisizoweza kufikiria safari bila mbwa wao. Mnyama huyo hulinda nyumba mwaka mzima, na likizo inapofika huonekana kuwa mmoja wa wasafiri. Ndiyo maana mlaji anayepanga kwenda na hema, au na gari lenye kitanda ndani au hema juu ya paa, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, hujiuliza swali lililo rahisi kwa sura: ni kambi ipi itakayompokea mbwa wangu?

Tunamshauri mlaji aanze na swali jingine: ardhi ya kambi hiyo, na njia ya kuifikia, iko chini ya mamlaka ya nani? Mwenye kambi anaweza kumpenda mbwa wako na kukukaribisha kwa moyo mweupe, lakini hana uwezo wa kukuruhusu jambo ambalo sheria ya eneo imelikataza. Asiyeliuliza swali hili mapema hulijua jibu lake langoni, jua likielekea kuzama, fedha ya awali ikiwa imekwisha kulipwa.

Ardhi za aina tatu

Aina ya kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, na inayosimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Humo mnyama wa kufugwa haruhusiwi kuingizwa. Katazo hilo halichagui mbwa mkubwa wala mdogo, paka aliye ndani ya kikapu, wala mbwa ambaye mwenyewe anaahidi kwamba hatatoka ndani ya gari. Halibagui pia kati ya kambi za umma, zinazotumiwa na wageni wengi kwa pamoja, na kambi maalumu, zinazotolewa kwa kundi moja. Kambi nyingi za hifadhini hazina uzio, na fisi, simba na chui hupita karibu na mahema usiku. Huenda ukawaona mbwa wa doria wakifanya kazi na askari wa uhifadhi. Hao wamefunzwa na wako chini ya uangalizi wa wataalamu, na kuwepo kwao si ruhusa kwa mbwa wa mgeni.

Aina ya pili ni maeneo ya uhifadhi yanayopakana na hifadhi ya taifa. Yapo mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na lipo eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, linaloundwa na ardhi za vijiji vya Wilaya ya Serengeti, kikiwemo Robanda. Hapa ndipo walaji wengi hupotea njia. Husikia kwamba kambi fulani "iko nje ya hifadhi" wakadhani kwamba hakuna masharti. Kuwa nje ya hifadhi ya taifa si kuwa nje ya uhifadhi. Panga safari yako kwa kudhani kwamba mbwa haruhusiwi katika maeneo haya, mpaka mamlaka inayohusika ikuambie vinginevyo kwa maandishi.

Aina ya tatu ni ardhi ya kawaida ya miji na vijiji: Mugumu, yaliko makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mji wa Tarime, Sirari mpakani, na vijiji vilivyo kandokando ya barabara kuu. Katika ardhi hii mwenye kiwanja au nyumba ya wageni ndiye anayeamua. Wapo wenye nyumba za wageni wanaokubali mgeni asimike hema uani au aegeshe gari analolalia, na miongoni mwao wapo wanaokubali mbwa. Hapa ndipo penye nafasi halisi ya safari yako, na hapa ndipo tunapokushauri uanze kutafuta.

Kwa nini katazo lipo

Baadhi ya wasafiri huliona katazo hili kuwa ukali usio na sababu, hasa wanapowaona mbwa wa vijijini wakizurura karibu na mipaka ya hifadhi. Sababu ipo, na imeandikwa katika historia ya Serengeti yenyewe.

Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa uitwao distempa uliingia miongoni mwa simba wa Serengeti. Takriban theluthi moja ya simba hao, yaani kiasi cha simba 1,000, walikufa. Uchunguzi wa wataalamu ulihusisha virusi hivyo na mbwa wa kufugwa waliokuwa wakiishi kuizunguka hifadhi. Miaka michache kabla ya hapo, kufikia mwaka 1991, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika nyanda za Serengeti, na magonjwa ya kuambukiza, kikiwemo kichaa cha mbwa, yametajwa miongoni mwa sababu. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2012 ndipo juhudi za kuwahamishia mbwa mwitu hifadhini zianze.

Hatari huenda pia upande wa pili. Mbwa aliyelelewa mjini hana uzoefu wa nyika. Chui humwinda mbwa kwa wepesi. Mbung'o, ambao ni wengi katika sehemu za vichaka, hueneza nagana, ugonjwa unaoweza kumuua mbwa. Kupe nao hueneza magonjwa ya damu. Kwa hiyo anayemwacha mbwa wake nje ya mipaka ya hifadhi hamnyimi mnyama huyo starehe, bali anamkinga.

Njia nayo ina mpaka

Kosa linalomgharimu mlaji mara nyingi halimo kambini, limo barabarani. Anayetoka Musoma kupitia Butiama na Nata, au anayetoka Tarime kupitia Nyamwaga na Nyamongo, hufika Mugumu kwa barabara ya umma bila kupita lango la hifadhi ya taifa. Vivyo hivyo, barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma hupita karibu kabisa na lango la Ndabaka bila kumlazimu msafiri kuingia. Lakini anayetaka kutoka Mugumu kwenda Arusha kwa njia fupi hupita lango la Ikoma, hukata hifadhi kupitia Seronera, kisha hutokea Naabi. Mwenye mbwa hawezi kuitumia njia hiyo hata kama hakusudii kusimama popote. Itampasa azunguke kupitia Shinyanga, Singida na Babati. Huo ni mzunguko wa mamia ya kilomita, wenye gharama ya mafuta na ya malazi, na unapaswa kuingia katika hesabu ya safari tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Familia ya watu wazima wawili kutoka Mwanza inapata kwa simu kambi inayotoza shilingi 30,000 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja. Kwa usiku tatu gharama ni shilingi 180,000, na familia inatuma nusu yake, shilingi 90,000, kwa njia ya simu. Imeuliza kama mbwa anaruhusiwa, na imejibiwa "hakuna shida". Haikuuliza kama kambi hiyo hufikiwa kwa kupita lango la hifadhi. Saa kumi jioni gari linarudishwa langoni. Familia inarejea Mugumu kutafuta mahali pa kulala, na mwenye kambi anasema kwamba nafasi ilikuwepo, wageni ndio hawakufika. Kila upande unaona una haki, na hakuna karatasi ya kuamua. Swali moja zaidi, na jibu lake kwa maandishi, lingeokoa shilingi 90,000 na safari nzima.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunakushauri uyaulize maswali yafuatayo kwa ujumbe wa maandishi, ili majibu yabaki nawe:

1. Kambi iko katika kijiji gani, na ardhi yake ni ya kijiji, ya mtu binafsi, ya jumuiya ya hifadhi, ya pori la akiba au ya hifadhi ya taifa?
2. Je, kutoka barabara kuu hadi kambini nitapita lango au kizuizi chochote cha uhifadhi?
3. Mbwa anaruhusiwa kulala ndani ya hema au ndani ya gari, au ni lazima afungwe mahali pengine?
4. Je, kuna malipo ya ziada kwa ajili ya mbwa, au dhamana ya uharibifu? Dhamana hiyo hurejeshwa lini?
5. Eneo lina uzio? Kuna mbwa wengine wanaoachwa huru usiku kwa ulinzi?
6. Nikizuiwa kufika kambini kwa sababu ya mbwa ingawa nilieleza mapema, je, nitarudishiwa malipo ya awali?

Unapoandika, taja mnyama wako kwa ukamilifu: aina, ukubwa na idadi. Anayeandika "tuna kipenzi kidogo" kisha akashuka na mbwa wawili wakubwa wa ulinzi atakuwa amevunja makubaliano yeye mwenyewe.

Ukikodi gari la kulala, usome mkataba wa kukodi kwa makini. Mikataba mingine hukataza mnyama ndani ya gari, na mingine humtoza mpangaji gharama ya usafi kwa manyoya na harufu. Kambi ikikubali mbwa na gari likamkataa, safari bado haipo.

Lipia kwa njia inayoacha ushahidi. Ada za hifadhi na za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi. Kwa mwenye kambi binafsi, dai risiti ya kielektroniki, na uhakikishe kwamba jina linaloonekana unapotuma fedha kwa simu ni la biashara au la mtu uliyekubaliana naye. Atakayekwambia kwamba anaweza "kuongea na watu wa langoni" ili mbwa wako aingie, mkatae. Anakuuzia kitu asichokuwa nacho, na kosa litakalotendeka litakuwa juu yako.

Ukitaka kuiona hifadhi na mbwa yupo

Familia nyingi hutaka mambo yote mawili: kupiga kambi na mbwa, na kuwaona nyumbu wanapovuka Mto Mara upande wa kaskazini, kati ya Julai na Oktoba. Jambo hili linawezekana ikiwa kambi itakuwa Mugumu au Tarime, na mbwa akabaki huko kwa mpango unaoeleweka.

Njia ya kwanza ni kupokezana: mtu mzima mmoja hubaki na mbwa siku ya kwanza, na mwingine hubaki siku ya pili. Kumbuka kwamba kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kila mtu na kina muda wake, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Njia ya pili ni kumwacha kwa mwenyeji mnayemwamini, kwa malipo mliyokubaliana, pamoja na chakula chake, maji, namba yako ya simu na nakala ya cheti cha chanjo. Njia ya tatu, ambayo mara nyingi ndiyo bora kwa mbwa mzee, mgonjwa au mwenye hofu, ni kumwacha nyumbani chini ya uangalizi wa jamaa au jirani.

Usimfungie mbwa ndani ya gari karibu na lango ukaingia kutembea. Siku yenye nyuzi joto 30 nje, joto ndani ya gari lililofungwa huweza kupita nyuzi 45 ndani ya nusu saa. Kufungua kioo kidogo hakutoshi kuliokoa pumzi lake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumwacha katika joto la namna hiyo ni mateso.

Chanjo na vyeti

Mbwa anayesafiri anapaswa kuwa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo irudiwe kwa wakati kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Usingoje wiki ya safari. Baada ya chanjo ya kwanza kinga huhitaji wiki kadhaa kujijenga, kwa hiyo mchanje angalau mwezi mmoja kabla. Muulize daktari pia kuhusu chanjo ya distempa, dawa ya kupe na minyoo, na kibali cha kumsafirisha mnyama kutoka wilaya moja hadi nyingine. Beba vyeti halisi na nakala zake.

Umuhimu wa chanjo umethibitishwa hapa hapa. Kampeni ya kuwachanja mbwa vijijini ilianza katika Wilaya ya Serengeti mwaka 1996. Baada ya awamu ya kwanza matukio ya kichaa cha mbwa miongoni mwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70, na baada ya awamu ya pili kwa asilimia 97. Wanavijiji waliwaleta mbwa wao kituoni, na watu wao wakapona hatari ya kuumwa. Mgeni anayeleta mbwa asiyechanjwa huipunguza kinga ambayo wenyeji wameijenga kwa miaka mingi.

Anayekusudia kuvuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya, au kutoka Kenya kuja Tanzania, ajue kwamba mbwa naye anahitaji hati zake: kibali cha kuingizwa nchini kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anayoingia, cheti cha afya na cheti cha chanjo. Hati hizi ziombwe kabla ya safari. Mpakani si mahali pa kuanzia.

Adabu ya kambini

Katika vijiji vya Mara mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji, lakini si desturi kumlaza ndani wala kumlisha mezani. Mfunge mbwa wako kwa kamba wakati wote, kwani ng'ombe na mbuzi hupita karibu, na mbwa mgeni anayekimbiza mifugo huzua ugomvi na madai ya fidia. Usimwache avuke vigingi vya mpaka wa hifadhi. Asije akanywa kutoka mtoni penye mamba, wala asilale nje usiku. Zoa kinyesi chake na ukifukie mbali na maji. Chakula chake kihifadhiwe ndani ya chombo chenye kifuniko, ndani ya gari, kwa kuwa harufu yake huwaita fisi na nyani. Wapo pia majirani wa kambi wasiopenda kuguswa na mbwa kwa sababu za imani au za hofu. Waulize kabla hajawakaribia.

Likitokea tatizo

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, awe wako au wa kijijini, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mpelekeni hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua, wala msipake pilipili, mafuta au majani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Zikizuiwa mapema kwa chanjo iliyokamilishwa, anapona. Ikiwa mbwa aliyeuma ni wako, toa cheti chake cha chanjo na umkabidhi kwa uangalizi wa daktari wa mifugo kwa siku 10. Usimuue wala usiondoke naye kimya kimya.

Ikiwa tatizo ni la fedha, kwa mfano mwenye kambi aliahidi kwamba mbwa anaruhusiwa ilhali alijua kwamba haiwezekani, una haki ya kudai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayomuuzia. Anza kwa kumwandikia mwenye kambi, ueleze ulichoahidiwa, ulicholipa na kilichotokea, na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, wasilisha malalamiko kwetu pamoja na risiti, ujumbe wa simu na nakala ya tangazo. Malalamiko yenye ushahidi husikilizwa kwa wepesi. Yenye maneno matupu hubaki neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Kwa ufupi, mwenye mbwa anayeitembelea Tarime au Serengeti ana nafasi, lakini nafasi hiyo iko mijini na vijijini, si hifadhini. Ajue ardhi ni ya nani, aichunguze njia, apate majibu kwa maandishi, amchanje mnyama wake mapema, ndipo alipe.